Nimepokelewa vyuo viwili: idara ya kioo, au idara ya uchongaji yenye kioo ndani yake?

UdongoMbichi ameuliza:

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa waliosoma au wanaosoma sanaa ya kioo chuo kikuu.

Nimemaliza mwaka wa msingi wa sanaa na kazi zangu karibu zote ni za udongo. Nilianza na vichwa na mikono, siku hizi nafinyanga maumbo yasiyofanana na kitu chochote, makubwa kiasi cha kukumbatiwa. Mwishoni mwa mwaka tulipewa nafasi ya kuyeyushia kioo ndani ya kalibu ndogo, kipande cha kukaa kiganjani tu. Kilipotoka na kusuguliwa upande mmoja nilikiinua dirishani, nikaona ndani yake. Udongo haujawahi kunipa hicho: umbo lenye ndani unayoiona bila kulivunja. Tangu hapo najua ninachotaka kusoma.

Sasa nimepokelewa sehemu mbili. Chuo cha kwanza kina idara kamili ya kioo, tanuri kubwa la kuyeyushia linalowaka usiku na mchana, vituo vya kupulizia, na wasanii waalikwa wanaopita kila muhula. Chuo cha pili ni idara ya uchongaji. Wanafundisha chuma, mbao, jiwe na plasta, na kioo ni njia mojawapo ya kuchagua kuanzia mwaka wa pili. Siku ya kutembelea, kule kwa kwanza nilishindwa kuondoka: moto, watu wanapishana na mabomba, kazi inazaliwa mbele ya macho yako. Kule kwa pili nilionyeshwa chumba chenye vumbi la plasta na matanuri ya umeme yaliyofungwa. Hakuna cha kutazama.

Kila ninayemuuliza ananiambia niende cha kwanza. Lakini mimi nataka kuwa mchongaji. Nichague kwa kuangalia nini? Na jambo la pili: kemia yangu ni ya kusuasua. Itanikwamisha?

BombaNaPumzi amejibu:

Hongera sana ndugu, kupokelewa sehemu mbili si jambo dogo.

Mimi nasema nenda kwenye idara ya kioo, na sababu yangu si ule moto wa kupendeza macho. Ni kwamba kioo cha moto kinafundisha mkono kitu ambacho hakifundishiki kwa namna nyingine. Unatumbukiza ncha ya bomba tanurini kwenye nyuzi kama 1,100, unaizungusha taratibu kama mwiko kwenye asali, unatoka na donge. Kuanzia hapo huruhusiwi kuacha kuzungusha. Ukiacha, linateremka upande mmoja. Unalilaza kwenye kijiko cha mti kilicholowa maji, au kwenye gazeti lililolowa ambalo umelikunja kiganjani, na kupitia gazeti hilo unahisi jinsi kioo kinavyogoma kadiri kinavyopoa. Baada ya muda unajua joto lake kwa rangi na kwa uzito wake mwishoni mwa bomba. Ukija kukitia kwenye kalibu, tayari unamjua unayeshughulika naye.

La pili ni watu. Hakuna anayepuliza kazi kubwa peke yake. Mmoja yuko kwenye benchi, mwingine anapuliza, mwingine analeta kipande cha kubandika, mwingine anafungua mlango wa tanuri la kupozea. Dale Chihuly, msanii wa kioo wa Marekani, alipoteza jicho la kushoto katika ajali ya gari Uingereza mwaka 1976, na baadaye alipoumia bega aliacha kushika bomba kabisa, akawa anaongoza timu. Kazi zake kubwa zimetoka kwa namna hiyo. Ukisoma idara ya kioo unaondoka na timu yako, watu wa kufanya nao kazi miaka mingi.

Kemia isikutishe. Ni mchanga, magadi na chokaa. Mchanga peke yake unayeyuka karibu na nyuzi 1,700, magadi yanaushusha, chokaa inazuia kioo kisilainishwe na maji. Mengine utayaokota njiani.

KalibuTupu amejibu:

UdongoMbichi, nimesoma swali lako na limenigusa, kwa sababu umeeleza kile kipande chako cha dirishani kwa namna ambayo wengi wanaomaliza shahada bado hawajafika. Umbo lenye ndani. Shikilia hapo hapo.

Nilisoma shahada ya kwanza kwenye idara ya kioo, ya pili kwenye uchongaji, na sasa natengeneza sanamu za kioo za kumimina kwenye kalibu, zangu na za wachongaji wengine wanaoniletea maumbo yao ya udongo au nta. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za swali lako. Namheshimu BombaNaPumzi na kila alichosema kuhusu mkono ni kweli. Ila hukuuliza namna ya kuwa mpulizaji. Umesema unataka kuwa mchongaji, na maumbo yako ni mazito, ya kukumbatiwa. Kazi ya namna hiyo haifanyiki mbele ya tanuri la kuyeyushia. Inafanyika kwenye kile chumba cha vumbi la plasta, ndani ya yale matanuri yaliyofungwa, na kwenye karakana baridi, pale penye mashine za kusugulia na maji. Hivyo ushauri wangu ni mmoja: usichague chuo kwa tanuri lake la kuyeyushia, chagua kwa matanuri yake ya kupozea na karakana yake baridi.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokuja kushtuka mwaka wa tatu.

Chukua moja ya maumbo yako. Unalifinyanga kwa udongo, unalitolea kalibu ya mpira, unamimina nta. Nta unaikarabati kwa mkono, kila mstari wa kiungo unaufuta. Kisha unaizungushia mchanganyiko wa plasta na unga wa silika, sawa kwa sawa kwa uzito. Ukishika, unaipigisha mvuke mpaka nta yote inatoka, na unabaki na uwazi. Uwazi huo unaujaza maji na kuyapima: kila lita ya maji ni kilo mbili na nusu za kioo. Hapo tayari umeshajua kama bajeti yako inatosha. Kalibu inakauka, inaingia tanurini, juu yake unaweka chungu chenye tundu kilichojaa mabonge ya kioo. Joto linapanda polepole hadi nyuzi 820 au 850, kioo kinalegea, kinachuruzika kupitia tundu na kujaza kila pembe. Hakuna wa kutazama. Sehemu hiyo yote inaweza kuisha ndani ya siku mbili.

Halafu ndipo kazi inapoanza. Kioo kikipoa haraka, ngozi yake inakuwa ngumu wakati moyo bado umelegea, na moyo ukija kusinyaa baadaye unaivuta ngozi ambayo haiwezi tena kusogea. Mkazo huo unabaki ndani. Kinaweza kupasuka siku hiyo hiyo, kinaweza kupasuka miezi baadaye kikiwa kimesimama kwenye maonyesho bila kuguswa na mtu. Dawa ni kukishikilia kwenye joto la kupozea mpaka ndani na nje vilingane, kisha kukishusha kwa utaratibu. Kioo cha Bullseye, ambacho idara nyingi hukitumia kwa kazi hizi, kinashikiliwa kwenye nyuzi 482. Bamba lenye unene wa milimita 25 linahitaji takriban saa 14 kuanzia hapo hadi kupoa. Ongeza unene mara mbili, milimita 50, na muda hauongezeki mara mbili; unakaribia mara nne, saa kama 47. Milimita 100 ni saa 170 hivi, yaani wiki nzima. Na hayo ni mabamba yenye unene sawa kila mahali. Sanamu yenye shingo nyembamba na tumbo nene inataka zaidi, kwa sababu shingo inakimbilia kupoa na tumbo halitaki.

Mfano mkubwa kuliko yote ninaoujua si wa sanaa. Desemba 1934, kiwanda cha Corning kule jimbo la New York kilimimina bamba la kioo la inchi 200, takriban mita tano kwa upana, kwa ajili ya darubini ya nyota ya Palomar. Lilipozwa kwa miezi kumi. Lile la kwanza, lililomiminwa Machi mwaka huo huo, liliharibika wakati wa kumimina baada ya vipande vya kalibu kung'oka na kuelea juu ya kioo. Hawakulitupa. Mpaka leo lipo kwenye makumbusho ya Corning, na kila mwanafunzi wa kumimina kioo akipata nafasi aende akasimame mbele yake.

Sasa rudi kwenye chuo. Sanamu yako moja nene inakalia tanuri wiki moja, pengine mbili. Kama idara ina tanuri moja la kumiminia na wanafunzi kumi na tano wanaolitaka, muhula una wiki ngapi? Piga hesabu mwenyewe. Hiyo ndiyo itakayoamua ukubwa wa kazi zako, kuliko jina la chuo, kuliko msanii mwalikwa. Nimeona wanafunzi wenye vipaji vya kutisha wakiishia kufanya vitu vya kiganjani miaka yote mitatu kwa sababu foleni ya tanuri haikuwaruhusu zaidi, na wenyewe wakaamini kwamba wao ni watu wa vitu vidogo.

Niongeze historia kidogo, itakusaidia kuzisoma hizo idara mbili. Idara za kioo za vyuo vikuu ni changa. Kwa karne nyingi kioo kilikuwa cha kiwandani. Msanii alichora, mafundi wakatengeneza. Mwaka 1962 Harvey Littleton, mwalimu wa ufinyanzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliendesha warsha mbili kwenye uwanja wa makumbusho ya sanaa ya Toledo, Ohio. Alitaka kuonyesha kwamba mtu mmoja anaweza kuyeyusha na kupuliza kioo kwenye karakana yake. Dominick Labino, mtafiti wa viwandani, aliwasaidia kwa tanuri na kwa vigololi vya kioo vilivyoyeyuka kwa urahisi. Littleton akaanzisha masomo hayo Wisconsin. Mwanafunzi wake Marvin Lipofsky akayapeleka Berkeley mwaka 1964, na Chihuly, naye mwanafunzi wake, akaanzisha idara ya RISD, chuo cha sanaa na usanifu cha Rhode Island, mwaka 1969. Idara zilizotokana na mkondo huo zilijengwa kuzunguka tanuri la kupulizia. Ndiyo moyo wake, na ndiyo sababu siku ya wageni inavutia.

Upande wa pili, Stanislav Libenský alichukua ufundishaji wa kioo kwenye chuo cha sanaa za matumizi cha Prague mwaka 1963, akakaa hadi 1987. Yeye alichora, mkewe Jaroslava Brychtová akafinyanga kwa udongo, na sanamu zikamiminwa kwenye kalibu huko Železný Brod, mji wa Cheki, nyingine nzito kuliko mtu mzima. Hapo kioo ni uchongaji tangu mwanzo. Ukizitazama kazi zao utaona jambo moja ambalo kwangu ndilo somo lote: kioo ni cha rangi moja, lakini panapokuwa pembamba kinang'aa na panapokuwa panene kinaingia giza. Hawakupaka kivuli. Walikichonga kwa unene. Uwazi uliochimbwa kutokea nyuma unaonekana mbele kana kwamba kuna umbo limeketi ndani. Wewe umetoka kwenye udongo, ambapo unene hauonekani. Kwenye kioo unene ndiyo rangi yako. Uliza idara zote mbili kama kuna mwalimu anayefundisha hilo.

Na mkondo huo unafikika hata ukitokea mbali. Karen LaMonte, mchongaji wa kioo wa Marekani, alimaliza RISD mwaka 1990, kisha mwaka 1999 akaenda Jamhuri ya Cheki kwa ufadhili wa Fulbright kwa sababu alitaka kumimina magauni ya kioo yenye ukubwa wa mwili wa mtu, na kule ndiko kulikokuwa na matanuri na mafundi wa kazi hiyo. Alifuata tanuri.

Kuhusu kusugua. Siku ya kuvunja kalibu usitegemee kuona kile ulichokiona dirishani. Plasta imechoka kwa moto, inabomoka kwa vidole, na chini yake kuna kitu cheupe, butu, chenye mikwaruzo ya kalibu. Unakata shina la kumiminia kwa msumeno wa almasi. Halafu unaanza: chenga za silikoni kabidi namba 80, kisha 220, 400, 600, kisha unga wa jiwe la pamisi, mwisho seriamu oksaidi, unga wa kung'arishia, kwenye gurudumu la sufi. Kila hatua inafuta mikwaruzo ya hatua iliyotangulia, na ukiruka moja itakusuta mwishoni, utaiona ndani ya mng'ao na itabidi urudi nyuma. Maji yanatiririka muda wote, vidole vinakunjamana. Ila hapa ndipo unapoamua wapi jicho liingie na wapi lizuiwe. Ukisugua uso mmoja tu na kuacha mwingine butu, umefungua dirisha moja. Ni uamuzi wa mchongaji kabisa, na hakuna awezaye kukufanyia. Chuo chenye karakana baridi ndogo yenye mashine mbovu kinakunyima nusu ya kazi.

Kemia: hapana, haitakukwamisha. Kinachohitajika ni uvumilivu wa kuandika namba na kuzisoma tena.

FundiWaMatanuri amejibu:

KalibuTupu amesema vizuri. Mimi ni fundi wa karakana ya chuo, kazi yangu ni kuyawasha, kuyatengeneza na kuyalinda matanuri, pamoja na mapafu ya vijana. Niongeze ya upande wangu.

Hicho chumba cha vumbi la plasta alichokiona muulizaji kinanitia wasiwasi kuliko moto. Moto unaonekana, mtu anaukwepa mwenyewe. Unga wa silika hauonekani ukiwa hewani, hauwashi, hauna harufu, na ukiingia kwenye mapafu hautoki. Ugonjwa wake unaitwa silikosisi na hauna tiba. Uliza kama kuna feni ya kufyonza hewa mahali pa kuchanganyia, kama kila mwanafunzi anapimiwa barakoa yenye vichujio inayoziba uso wake barabara, na kama sakafu inafutwa kwa maji au inafagiwa kikavu. Ukiona ufagio mkavu kwenye chumba cha kalibu, uliza maswali mengi zaidi. Hata kuvunja kalibu baada ya kuchomwa ni kazi ya barakoa. Mwanafunzi anakuwa na furaha ya kuona kioo chake na ndiyo dakika anayosahau.

Jambo jingine ni kuchanganya vioo. Kila aina ya kioo ina kiasi chake cha kutanuka kikipashwa na kusinyaa kikipoa. Ukiunganisha viwili visivyolingana, vitashikana vizuri kwenye moto, vitatoka vimependeza, kisha vitapasuana, na hakuna upozaji wowote utakaoviokoa. Chupa ya aina moja unaweza kuimimina peke yake, kioo cha dirisha peke yake. Idara iliyopangika ina kabati la kila aina na maandishi makubwa mlangoni. Mwanafunzi anayeokota kipande asichokijua asili yake na kukitia kwenye kalibu anaweza kupoteza wiki mbili za tanuri.

Mkazo unaweza kuuona kwa macho, huna haja ya kubahatisha. Weka kazi katikati ya vichujio viwili vya polaraizi, vile vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, vikiwa vimepishanishwa mpaka vizuie mwanga, na taa nyuma yake. Kioo kilichotulia kinabaki giza. Chenye mkazo kinaonyesha mwanga na mabaka kuzunguka sehemu yenye shida. Kifaa hicho ni rahisi mno, na idara isiyokuwa nacho ningependa kujua inawafundishaje watu kupoza.

La mwisho, na linaniuma kulisema. Uliza mustakabali wa idara yenyewe. Tanuri la kuyeyushia halizimwi mwisho wa siku, linawaka hata chuo kikiwa likizo, na wakuu wa vyuo wanaiona bili hiyo kila mwezi. Sunderland, Uingereza, walikuwa na Kituo cha Taifa cha Kioo kilichofunguliwa mwaka 1998, wanafunzi wa chuo kikuu wakifanya kazi chini ya paa moja na matanuri bora. Mwaka 2023 chuo kilitangaza kwamba kituo kitafungwa, sababu ikiwa gharama ya kulikarabati jengo. Matanuri ya umeme ya kumiminia yanazimwa yasipotumika, kwa hiyo yana maisha marefu zaidi mikononi mwa wahasibu. Hilo nalo lipime.

UdongoMbichi amejibu:

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya kina hivi. Nimeandikia vyuo vyote viwili na kuuliza mlivyonielekeza.

Chuo cha kwanza: matanuri kadhaa ya kupozea kwa ajili ya kazi za kupulizwa, lakini la kumiminia kalibu ni moja tu, na wanaanza kulitumia mwaka wa tatu. Chuo cha pili: matanuri manne ya kumiminia ya ukubwa tofauti, wanafunzi wanaochagua kioo kila mwaka hawazidi kumi, karakana baridi wanaitumia pamoja na watu wa jiwe. Fundi wao alinijibu mwenyewe, barua ndefu, akaeleza hadi jinsi wanavyohifadhi unga wa silika. Hawana kituo cha kupulizia.

Bado nina mawili. Moja, nikienda cha pili nitakuwa nimekosa yale yote aliyosema BombaNaPumzi kuhusu mkono? Pili, baada ya kuhitimu nitafanyaje kazi bila tanuri? Hilo linanikosesha usingizi kidogo. Na kuna la tatu, samahani: chuo cha pili wanataka kuona kazi zaidi kabla ya kunithibitishia njia ya kioo, na mimi kioo nina kipande kimoja tu.

BombaNaPumzi amejibu:

Kwa majibu hayo, namba zimesema. Ningekuwa na maumbo yako ningekwenda cha pili, nakiri bila shida. Lakini usiache moto kabisa. Zipo shule za majira ya kiangazi zinazofundisha kupuliza kwa wiki chache. Pilchuck, jimbo la Washington, ambayo Chihuly aliianzisha pamoja na Anne na John Hauberg mwaka 1971, na karakana ya makumbusho ya Corning, ambako kuna ufadhili kwa baadhi ya wanafunzi. Omba mapema. Wiki chache hazitakufanya mpulizaji, lakini zitakupa kujua kioo kinavyotembea, na ukirudi kwenye kalibu utajua kwa nini kimegoma kuingia kwenye kona fulani.

KalibuTupu amejibu:

Nakubaliana na BombaNaPumzi kwa kila neno.

Kuhusu tanuri baada ya kuhitimu: tanuri la umeme la kumiminia vitu vya wastani ni kifaa ambacho msanii mmoja anaweza kukimiliki, tofauti kabisa na tanuri la kuyeyushia. Wengi huanza kwa kukodi nafasi kwenye karakana za pamoja, au kwa kufanya kazi ya ufundi chuoni ili wapate saa za tanuri usiku. Wengine hufanya kazi kwa wachongaji wakubwa, kama nifanyavyo mimi nusu ya mwaka, na nakwambia kwa dhati kwamba kutoa umbo la mtu mwingine kutoka kwenye kalibu kumenifunza kuliko darasa lolote. Na usisahau kioo kisichohitaji moto kabisa. Therman Statom, aliyesoma RISD siku za mwanzo za idara ile, anajenga ngazi, viti na nyumba kwa mabamba ya kioo yaliyokatwa na kugundishwa, kisha anapaka rangi na kutia vitu ndani. Ni uchongaji wa kioo kamili, na hauhitaji tanuri.

Kuhusu kazi za kuonyesha. Usikimbilie kutafuta vipande vya kioo ili tu viwepo. Walimu wa uchongaji wanataka kuona unafikiri vipi kuhusu umbo na mwanga. Tengeneza maumbo yako matatu manne kwa nta, yenye unene tofauti makusudi, sehemu moja nyembamba sana na nyingine nene. Nta nyeupe inapitisha mwanga kidogo. Weka taa nyuma yake gizani na upige picha kutoka pande kadhaa. Picha hizo zitaonyesha jinsi unavyotumia unene, na ndilo swali la kioo. Mimina moja kwa barafu kwenye kalibu ya mpira ukipata nafasi, uipige picha kabla na wakati inaanza kuyeyuka. Ambatanisha michoro ya ndani ya maumbo, si ya nje tu: kata umbo kwa penseli, onyesha unene kwa milimita. Kile kipande chako kimoja kiweke cha kwanza, kipigwe picha kwa mwanga wa dirishani kama ulivyokiona siku ile, na chini yake uandike joto lilivyopanda na kushuka kama unalikumbuka.

Ukimwandikia tena yule fundi wa chuo cha pili, mwombe jambo moja. Kila karakana makini ina daftari la matanuri: tarehe, aina ya kioo, unene, ratiba ya joto, na kilichotokea mlango ulipofunguliwa, pamoja na zilizopasuka. Muulize kama wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaruhusiwa kulisoma. Akisema ndiyo, anza nalo wiki ya kwanza, kabla hata hujagusa plasta, na anza na kurasa za zilizopasuka.